Daftari la Washona Viatu

Siku ya kwanza niliyoketi kwenye vibanda vya washona viatu hapa Nakuru, kiatu changu kilikatwa vipande viwili mbele ya watu.

Nilikuwa nimefika na gunia moja. Ndani mlikuwa na nyundo, visu viwili, shazia, ile sindano nene ya kushonea ngozi, na ule mguu wa chuma ambao fundi huuvisha kiatu anapokigongea soli. Vilikuwa vitu vya baba yangu. Nyuma ya soko, mafundi kama ishirini walikuwa wamekaa safu mbili chini ya mabati, na harufu ya gundi ilikuwa imetanda mpaka barabarani. Niliomba nafasi. Nikaambiwa nafasi haiombwi kwa mtu mmoja, nimwone mwenyekiti wa chama.

Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea mahali ilipovunjika. Hakuniuliza jina. Alinipa ngozi, akaniambia, "Shona kiatu kimoja. Cha mtoto wa shule."

"Kimoja nitamuuzia nani?"

"Hakiuzwi."

Nilishona tangu asubuhi hadi alasiri. Nilipomaliza alikichukua, akakizungusha, akakinusa, kisha akashika kisu na kukipasua kutoka kidoleni hadi kisiginoni. Wenzake wakaja kuchungulia. Alipitisha kidole ndani, akaona kwamba nimeweka ngozi pale ambapo wengi huweka katoni kwa kuwa mteja hawezi kuona.

"Aliyekufundisha hakukuibia," akasema. "Karibu, mama."

Walipiga makofi. Mimi sikufurahi. Niliona anavyozifunga zile nusu mbili kwenye gazeti na kuziweka chini ya benchi lake, nikajiambia tayari mshono wa baba yangu umeibiwa na sijamaliza hata siku moja. Fundi aliyekuwa jirani yangu, mzee mnene mwenye sauti ya chini, aliinama akaninong'oneza, "Usijali. Changu alikikata vilevile. Wote walikatiwa."

Hapo ningetulia. Lakini mwenyekiti alifungua sanduku la bati, akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Sasa tuandike. Jina lako. La baba. La babu. Nyumbani ni wapi. Ukishuka gari, unafuata njia gani mpaka mlangoni. Na nani ataitwa."

"Ataitwa kwa nini?"

"Ataitwa tu."

Niliogopa. Mtu asiyetoka pande zetu huenda asielewe. Huku Bonde la Ufa, mtu akikuuliza jina la tatu mara nyingi hatafuti jina. Anatafuta kabila, na akishalijua, anajua akuweke upande gani siku mambo yakiharibika.

Nilikuwa na miaka minane tulipoishi Kuresoi. Baba alilima viazi na kushona viatu siku za mvua. Siku moja alikuja kijana mwenye adabu, kalamu mbili mfukoni na daftari mkononi, akasema anaandikisha familia zitakazopewa mbegu. Mama alimkaribisha, akampa maziwa. Aliandika majina yetu yote. Akauliza njia ya mkato, akauliza nyumba ipi ina mbwa, akashukuru akaondoka. Mbegu hazikuja. Baada ya wiki kadhaa, asubuhi yenye ukungu, walikuja watu wenye mafuta na viberiti. Tulipita katikati ya viazi vya jirani, na jirani huyo, ambaye hakuwa wa kabila letu, akatuficha kwenye ghala lake la mahindi mpaka lori likapatikana. Yeye nyumba yake haikuguswa. Zilizochomwa ni zile za waliotoa majina.

"Hawakukosea hata mlango mmoja," baba alikuwa akisema.

Sijui kama ni lile daftari. Baba naye hakujua, alikisia tu, lakini kisio hilo aliishi nalo maisha yake yote. Tulihamia karibu na Kariandusi, na huko akawa anarekebisha buti za wachimbaji wa udongo mweupe. Vumbi lile lilikuwa likiingia kwenye kila mshono, ikabidi atafute njia ya kushona ambayo haingizi hata unga. Alinifundisha mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. Na alinifundisha neno jingine pia: usiandikwe popote bila lazima.

Kwa hiyo siku ile, mwenyekiti akiwa ameshika kalamu, nilimdanganya. Nilitoa majina matatu, na mawili yalikuwa ya kuazima. Nyumbani nilitaja mahali ambapo sijawahi kulala. Wa kuitwa, nikamtaja shangazi ambaye hayupo duniani na hakuwahi kuwapo. Aliandika yote polepole, kwa mwandiko mzuri, na akaniuliza kama njia ya kwenda kwetu inapita daraja. Nikasema ndiyo, daraja lipo.

Tangu siku hiyo kazi zangu zikawa mbili: kushona na kuchunguza.

Kila Jumatano saa kumi alasiri chama kilikaa chumba cha nyuma, mlango ukarudishwa. Mgeni hakuruhusiwa kuingia mpaka miezi sita ipite. Nilikuwa nikisikia sauti zao zikipanda na kushuka, na nikipita karibu kufuata maji, zinanyamaza. Niliona wakimwondoa mtu mmoja aliyekuwa akijaza katoni ndani ya soli. Walibeba vyombo vyake taratibu, wakaviweka barabarani, wakarudi kazini bila kugombana naye. Utulivu ule ndio ulionitisha. Niliwaza, hawa wamezoea. Mtu akija kumwona fundi fulani, hakuna aliyeruhusiwa kumwita mteja wa mwenzake. Wanafunzi walikaa miaka mitatu kabla ya kupewa benchi. Mimi chama kile nilikiita genge, kimoyomoyo.

Jirani yangu wa benchi alikuwa mtu wa kusimulia. Baba yake aliletwa kutoka magharibi kufanya kazi karakana ya reli.

"Msichana wangu, hii kitu si mpya," aliniambia siku moja tukipaka uzi nta. "Mafundi wa boila kule reli walikuwa na kikao chao. Ukiingia, unaapa. Mwenzako akiungua, unalisha watoto wake. Lakini hata mkubwa wa karakana hakujua wanachoongea."

"Na asiyeapa?"

"Huyo anabeba makaa mpaka azeeke."

Nilikumbuka nyanya yangu akisema zamani wahunzi walikuwa ukoo wa peke yao, wakiogopwa, na moto wao haukufundishwa mtu wa nje. Nikatafuta kwenye simu, nikasoma kwamba hata Ulaya ya kale mafundi wa kila mji waliunda chama namna hii. Neno lao la kukiita chama hicho lilianzia kwenye maana ya kutoa: kila mmoja alete chake, wale pamoja, wazikane. Baadaye wakapewa mamlaka mjini, wakaanza kuamua nani ashone na nani asishone. Nilisoma hayo nikiwa nimekaa kwenye benchi langu, kisha nikamtazama mwenyekiti akimkagua mtu mgeni buti. Nikaona kwamba kuzikana na kufungiana mlango vimekaa pamoja tangu zamani, na aliye nje hana njia ya kujua kipi kimewaleta siku hiyo.

Mwezi wangu wa tano pale nikaamua kuung'oa ukurasa wangu kwenye daftari.

Ilikuwa siku ya mvua, saa ya chakula. Wote walivuka kwenda kula githeri, jirani yangu akasinzia mdomo wazi. Niliingia chumba cha nyuma. Kufuli la sanduku lilikuwa dogo, na shazia ya ngozi nene hufungua vitu vingi. Nikatoa daftari, nikaanza kutafuta jina langu la uongo. Lakini ukurasa wa kwanza ulinishika. Ulikuwa na mistari ileile, jina, jina la baba, la babu, nyumbani, njia, wa kuitwa. Mbele ya kila mstari kulikuwa na neno moja: Hatujui. Chini kabisa, kwa ule mwandiko mzuri: Alikuwa akishona vizuri.

"Ukurasa wako ni wa thelathini na moja," sauti ilisema.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni, maji yakimchuruzika. Nilidhani atapiga kelele. Aliketi juu ya rundo la ngozi.

"Nilijua umedanganya," alisema. "Nilipita huko kwenu ulikosema, nikienda harusi. Hakuna daraja."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kujua unamkimbia nani. Kama ni polisi, kama ni mume."

Nililifunga daftari. Nikamuuliza ukurasa wa kwanza ni wa nani.

Alisimulia akitazama mikono yake. Miaka kadhaa nyuma, kabla chama hakijawa chama, walikuwa mafundi tu waliokaa mahali pamoja. Mmoja wao alikuja kutoka Salgaa, alikokuwa akiwashonea madereva wa malori. Alikaa nao miaka minne. Kila mtu alimwita boss, na yeye alimwita kila mtu boss. Asubuhi moja aliangukia benchi lake, nyundo mkononi. Wakambeba hospitali. Muuguzi akauliza jina la mgonjwa.

"Tulitazamana," mwenyekiti alisema. "Watu kumi na wawili. Miaka minne tumekula naye. Hakuna aliyejua."

Alikufa siku ya pili. Wakazunguka na kiatu chake wakiuliza. Wakabandika picha. Mwishowe akazikwa pamoja na wengine wasiojulikana. Mwaka uliofuata alikuja mwanamke amebeba mtoto, na picha ya harusi ndani ya bahasha, akiuliza benchi kwa benchi kama kuna anayemjua mume wake.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema. "Aliniuliza amezikwa sehemu gani ya makaburi, nimwonyeshe. Sikuweza. Wiki hiyo ndiyo tulianza chama. Daftari lilitangulia. Mambo ya kukagua viatu yalikuja baadaye."

Niliirudisha shazia mfukoni. Nilisikia huruma, nasema kweli, lakini nilisikia pia kitu kingine. Yule kijana wa Kuresoi naye alikuwa na maelezo mazuri. Mbegu ni jambo jema. Nani atakataa mbegu? Nikajiambia, hadithi hii siiamini mpaka niipime.

Jumamosi nilikwenda Salgaa. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, madereva wakila na wengine wakilala chini ya matela. Niliuliza kwenye vibanda vya chakula vitatu kabla sijampata mama mmoja wa chapati, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, aliyemkumbuka.

"Yule wa kuita watu boss? Alikuwa anakaa hapo, karibu na mahali pa kuziba pancha," alisema. Akainua mguu. "Hivi viatu ni yeye alishona. Mpaka wa leo."

Niliinama nikautazama mshono. Ulikuwa safi.

"Aliondoka kwa nini, mathe?"

Mama alinitazama vizuri, kama anayepima atakachosema kitafika wapi. "Si walimfukuza. Washona viatu wenzake. Walikuwa na kikundi. Walimuuliza kwao ni wapi, akasema ukweli. Basi. Walimwambia aende akashone huko kwao."

"Halafu?"

"Halafu akaenda Nakuru. Aliniaga. Alisema hataambia mtu tena kwao ni wapi."

Nililipa chai ambayo sikuinywa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Kifo chake kilikuwa kweli. Lakini aliyezikwa bila jina alizikwa hivyo kwa sababu chama kingine, kama hiki, kiliuliza maswali haya haya. Mwenyekiti alilijua hilo akanificha, au hakulijua?

Jumatatu nilimkuta mwenyekiti anafungua kibanda. Nilimwambia yote niliyoyasikia. Alivua miwani.

"Alipofika hapa nilimuuliza," alisema. "Kwao ni wapi. Akajibu, mimi ni wa hapa. Nikacheka. Nikamwambia, hapa hakuna mtu wa hapa. Wote walicheka."

"Na yeye?"

"Yeye hakucheka. Na sikuuliza tena." Akafuta miwani kwa shati, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hilo la Salgaa sikulijua. Naapa."

Sikujua kama niamini kiapo chake. Ila nilimwona mtu aliyekuwa akijilaumu kwa kutokuuliza, na sasa ameletewa lawama ya kuuliza vibaya. Nilimwambia, "Basi mimi nina jambo la kusema Jumatano."

Waliniruhusu kuingia kabla ya miezi sita. Nilisimama mbele ya watu ishirini na nikaanza kwa kukiri uongo wangu na kufungua sanduku. Chumba kilivuma. Mmoja alisema nitoke. Mwingine akauliza, "Unatuficha nini, siz? Nani amekutuma?" Niliwasimulia Kuresoi. Sikutaja kabila letu wala la waliochoma, na niliona baadhi yao wakijaribu kuhesabu kichwani, kisha wakaacha, kwa sababu mle ndani walikuwamo watu wa pande zote za moto ule. Fundi mmoja kijana aliyekaa karibu na dirisha alisema taratibu, "Sisi tulichomewa pia. Lakini waliochoma ni wenzenu."

Nilipendekeza daftari lisiwepo. Kila fundi aandike karatasi yake mwenyewe, bila kuonyesha mtu, aikunje na kuishonea ndani ya kipande cha ngozi. Mshono wa kila mtu tunaujua kama sura yake. Ukifunguliwa na mwingine utaonekana. Sanduku libaki, na kila mwezi kila mtu akague wake. Pakiti ipasuliwe siku moja tu, mwenyewe akishindwa kusema.

Walibishana Jumatano tatu. Wapo waliosema nataka chama kisichojua watu wake. Wapo waliosema bila daftari wezi wataingia. Mwishowe mwenyekiti alichomoa ukurasa mmoja mmoja, akampa kila mtu wake. Ukurasa wa kwanza alibaki nao. Hoja yangu ilikubaliwa, lakini kwa uongo na kwa kufungua sanduku niliondolewa kwenye benchi miezi miwili. Nilishonea kando ya gereji, juani, bila mteja wa maana. Niliiona adhabu ile ni haki, na bado niliichukia.

Nilirudi. Tuliendelea hivyo, na sikuwahi kuacha kukagua. Kila mwezi nilikuwa wa kwanza kuomba pakiti yangu, nikiitazama kwenye mwanga, tundu kwa tundu. Jirani yangu alikuwa akinicheka. "Wewe hata Mungu utamkagua mshono," alisema. Yeye yake hakuitazama hata mara moja.

Mwaka jana jirani huyo aliugua kifua. Aliacha kuja, tukawa tunampelekea uji kwa zamu, kisha akapelekwa hospitali na hakutoka. Hakuwa na mke wala watoto tuliowajua. Tulikaa chumba cha nyuma, mwenyekiti akaitoa pakiti yake, akaipitisha kwa kila mtu tukaukubali mshono, mnene na wenye kukaza kupita kiasi kama kawaida yake. Mimi ndiye niliyeombwa kukata.

Sote tulitegemea jina la kijiji cha magharibi. Miaka yote alikuwa akisema "kwetu" na kuonyesha upande ule kwa kidevu. Karatasi ilisema hivi, nakumbuka kila neno: "Kwetu ni Nakuru, kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nilikozaliwa. Huko magharibi nimefika mara mbili, kwa mazishi. Nilisema ni kwetu kwa sababu hapa mtu akikuuliza, hili la Nakuru halikubaliki kama jibu. Nizikeni hapa. Aitwe binamu yangu." Chini yake namba ya simu.

Mwenyekiti alitoka nje. Alirudi baada ya kitambo akasema tumpigie binamu.

Binamu alikuja na watu wawili na gari la kubebea mwili. Alikuwa mtu wa heshima, koti jeusi, na alitutazama jinsi nilivyowatazama mimi siku ya kwanza. Alisoma karatasi mara mbili.

"Hii mmeandika nyinyi," alisema. "Mnataka nini kwake? Ana shamba?"

"Hana," mwenyekiti alisema.

"Mtu wetu hawezi kutupwa ugenini na watu wa viatu."

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema vilevile. Nilichukua kile kipande cha ngozi nilichokikata, nikamwomba anionyeshe viatu alivyovaa, kwa kuwa mshono wake niliuona si mgeni kwangu. Alisita. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba viatu vile aliletewa na marehemu, mazishi ya mwisho waliyoonana. Alivua kimoja. Tuliweka mshono kando ya mshono juu ya benchi, nikamwonyesha jinsi uzi unavyokaza, jinsi marehemu alivyokuwa akirudi nyuma tundu moja kabla ya kufunga. Alipitisha kidole kwenye mishono yote miwili, soksi yake ikiwa kwenye vumbi, kisha akasema basi azikwe hapa.

Tulimzika makaburi ya Nakuru siku ya Alhamisi. Binamu alitupa udongo wa kwanza. Jina kamili la marehemu liko kwenye msalaba, matatu yote, na mwenyekiti amechora ramani ya kufika hapo kutoka langoni. Tulipokuwa tukiondoka, binamu alinivuta kando.

"Nyinyi ni nani kwake, hasa?" aliuliza. Hakuwa ametulia bado, niliona. "Ni kanisa? Ni ukoo?"

"Tulikaa naye benchi moja," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaingia garini, na mpaka walipokata kona alikuwa bado anatutazama kupitia kioo.